Rangi za mafuta, akriliki au kopo la dukani: ubebe nini ukienda kuchora maboti Kigoma

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi pale Mwanga, Kigoma, useme unataka rangi ya mafuta. Muuzaji atakuuliza swali moja tu: kopo dogo au kubwa? Kwake yeye, kwa fundi wa milango na kwa mwenye boti kule mwaloni, yaani ufukweni maboti ya uvuvi yanakofikia, rangi ya mafuta ni ile inayong'aa, unayoilainisha kwa thina. Tyubu ya mchoraji, yaani unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta ya mbegu za kitani, ni kitu kingine kabisa. Zangu hunifikia kwa basi kutoka Dar es Salaam, na kila mara zikifika kuna moja iliyokanyagwa.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kutoka nje, akaketi kwenye mchanga wa Katonga au Kibirizi, mialo ya hapa Kigoma, achore ziwa na vyombo vyake hapo hapo, siyo kunakili picha ya simu akiwa sebuleni. Njia anazoweza kuzimudu ni tatu: tyubu za mafuta, tyubu za akriliki (rangi ya plastiki inayolainishwa kwa maji), na hilo kopo la dukani. Nimezitumia zote. Mimi ni mtu wa mafuta, nalisema mapema usije ukadhani nimekaa katikati.

Kwanza jua

Ziwa Tanganyika liko magharibi ya mji, na hilo peke yake linaamua mengi. Asubuhi jua linakuja mgongoni mwako, linapiga ubavu wa boti uliokuelekea, na kila kitu kinajionyesha: kijani, nyekundu, jina la chombo, nyavu zilizorundikwa, mbao zinazotiririka maji. Jioni jua liko mbele yako, linashuka upande wa milima ya Kongo, na boti ile ile inabaki umbo tupu juu ya maji yanayometameta. Mahali ni pamoja, picha ni mbili.

Anayetoka Dar es Salaam saa yake itamdanganya. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini Kigoma iko karibu nyuzi 10 magharibi zaidi, kwa hiyo jua letu linachelewa kwa takriban dakika 40. Huku linachomoza karibu saa moja asubuhi, linafika utosini mnamo saa saba mchana, na kuzama ni karibu saa moja jioni. Nimewaona wageni wakikunja vifaa saa kumi na mbili, wakati utamu ndio kwanza unaanza.

Msimu nao una neno. Kiangazi kikikolea, vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa huifuta milima ya ng'ambo. Unaona maji, kisha utusitusi wa kijivu, basi. Ikishanyesha mvua kubwa ya Novemba au Desemba, kesho yake milima imesimama kama imesogezwa usiku. Upana wa ziwa kwa wastani ni kama kilomita 50, lakini asubuhi hiyo utadhani mtu wa upande wa pili akiitwa ataitika.

Hapo tayari uchaguzi umeanza. Utusitusi wa kiangazi hauna kingo, anga na maji vinaingiana, na rangi inayokubali kuingiana ni ile iliyo mbichi bado. Anga iliyooshwa na mvua ina kingo kali, na akriliki kwa kingo kali haina mpinzani.

Kukauka ndiko kunakoamua

Mafuta hayakauki kwa kupoteza maji, maana hayana maji. Yanavuta oksijeni ya hewani na kugeuka polepole kuwa utando mgumu. Rangi ya udongo kama amba ina manganizi inayoharakisha kazi hiyo, kwa hiyo safu yake nyembamba unaweza kuigusa baada ya siku moja au mbili. Nyeupe ya titani ukiipaka nene inaweza kumaliza wiki na zaidi ikiwa bado inanata. Akriliki ni plastiki iliyotawanywa ndani ya maji. Maji yakishaondoka, chembe zinashikana, na hazirudi tena kuwa rangi ya kupaka.

Sasa peleka vyote viwili mchangani Katonga saa nne asubuhi. Akriliki uliyominya kwenye paleti, kibao cha kuchanganyia rangi, inafanya ngozi kabla hujamaliza anga. Brashi uliyoisahau inageuka kijiti. Unaihangaikia bluu ya maji, unaipata, unapaka mara tatu, unageuka kuitikia salamu ya mtu, ukirudi imeganda, na bluu ile huipati tena siku hiyo. Dawa ipo: chukua kontena la plastiki lenye kifuniko, tandika ndani sponji iliyoloweshwa, juu yake karatasi ya kuokea mikate, rangi ikae juu ya karatasi. Shika pia chupa ya kunyunyizia. Inasaidia kweli, ila kuna siku utaona umenyunyiza kuliko ulivyochora.

Kuna tabia nyingine ya akriliki ambayo wauzaji hawaisemi. Ikikauka, inakoza. Gundi yake ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa angavu kama kioo, na weupe ule uliokudanganya unaondoka. Kwa ubavu wa boti nyekundu hutajali. Kwa maji ya alfajiri, pale ambapo tofauti ya ziwa na anga ni ndogo kama uzi, utajali sana, maana utakuwa umelinganisha rangi na kitu ambacho baada ya robo saa hakipo. Mafuta, rangi uliyoiona mbichi ndiyo utakayoikuta.

Lakini ubichi huo huo unaadhibu. Jaribu kuchora kamba nyembamba, nyeupe, kutoka mbele ya boti hadi kwenye mti, juu ya maji uliyoyapaka sasa hivi. Kamba inachukua bluu njiani. Unaongeza nyeupe, inakuwa kijivu. Unaongeza tena, inakuwa tope. Ujanja ni kupaka maji kwa rangi nyembamba, kisha kamba kwa rangi nene, mkono mmoja bila kurudia, na brashi unaifuta kila baada ya mstari. Au ukwangue kwa ncha ya mpini mpaka ubao unaochorea uonekane chini. Kwa kamba iliyolowa hiyo ndiyo njia niipendayo. Mwenye akriliki anasubiri dakika tano, anachora kamba yake, anapiga mluzi.

Mvua je? Siku moja Kibirizi ilitushika bila kubisha hodi, mimi na mwenzangu tumekaa bega kwa bega. Akriliki yake, ambayo ilikuwa haijashika vizuri, iliteremka yote hadi kwenye suruali. Juu ya picha yangu matone yaliviringika kama juu ya jani la gimbi. Nilipukutisha maji, nikaendelea. Siku ya upepo na mchanga mambo yanageuka: akriliki ikishakauka haishiki kitu, picha ya mafuta inakusanya mchanga na inzi, na mahali panapoanikwa dagaa inzi hawana uhaba. Usiwatoe siku hiyo. Ngoja rangi ikauke, watatoka kwa kijiti cha meno.

"Hiyo boti haielei"

Pale Katonga mzee mmoja mwenye chombo alisimama nyuma yangu kwa muda mrefu bila neno. Watu wa mwaloni hawatazami picha kama wanunuzi wa picha, wanatazama chombo. Mwishowe akasema, "Kijana, hiyo boti haielei. Umeiweka juu ya maji kama sahani mezani."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimepiga mstari wa maji ulionyooka kama rula, wakati ubavu wa boti umepinda na maji huufuata mpindo ule. Tena chombo kilikuwa kimeshashusha mzigo, kimeinuka, na mimi nimekichora kana kwamba bado kimejaa. "Kweli mzee, ngoja niiweke sawa," nikamwambia. Nikachukua kitambaa, nikafuta nusu yote ya chini, nikaanza tena yeye akiwa pale pale ananielekeza kwa fimbo.

Ningekuwa na akriliki, nisingefuta. Ningepaka juu, na ukingo wa kosa ungebaki umevimba kama kovu, hasa jua la pembeni likiupiga. Ndiyo maana sikubaliani na wanaomwambia kila anayeanza achukue akriliki kwa sababu ni rahisi. Kuosha akriliki ni rahisi, sabuni na maji tu. Kuchora nayo juani ni kazi ya mtu ambaye mkono wake umeshajua unachotaka.

Kopo la dukani

Lisidharauliwe. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alipaka rangi za kung'aa, za jamii ile ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi, na hadi anafariki mwaka 1972 alikuwa ameacha mtindo unaobeba jina lake mpaka leo. Kigoma kopo lina sifa moja ambayo tyubu haina: wewe na mwenye boti mmenunua duka moja. Kijani cha picha yako ndicho kijani cha ubavu wa chombo chake, hakuna cha kutafuta.

Ila lina masharti yake. Linataka ubao uliolazwa, kwa sababu kwenye stendi ya kuchorea rangi inatiririka kabla haijashika. Linataka usubiri masaa kati ya safu na safu. Rangi zake zimekuja tayari, chache, kali, na ukianza kuzichanganya utafute kijivu cha milima ya Kongo utamaliza kopo na kijivu hujakipata. Nyeupe yake hugeuka njano kadiri miaka inavyopita. Na thina inauma kichwa hata ukiwa nje. Kama unapenda umbo safi, mistari inayosomeka kwa mbali, samaki na maboti yaliyopangwa kwa mapambo, chora penseli ufukweni, rudi nyumbani upake kivulini. Kwa kukimbizana na mwanga wa ziwa silipendekezi.

Kubeba kwenda, kubeba kurudi

Kabla ya 1841, mwaka ambao mchoraji Mmarekani John Goffe Rand alisajili hataza ya tyubu ya bati, wachoraji walitunza rangi zao kwenye vibofu vya nguruwe. Fikiria kufungua kibofu juu ya mchanga wa Kibirizi. Tyubu ndiyo iliyoruhusu mafuta kutoka nje kwa raha, na akriliki ya maji, ambayo ni ya miaka ya 1950, ilizaliwa tyubu zikiwa zipo tayari.

Kwenda, basi, vyote viwili ni vyepesi. Shida ya mafuta ni kimiminiko cha kuoshea. Ukija kwa ndege usithubutu kuweka tarpentaini kwenye begi. Inashika moto, itabaki uwanjani na wewe utabaki unajieleza. Mimi siku hizi ufukweni nabeba mafuta ya alizeti kidogo kwenye chupa ya dawa: nafuta brashi kwa kitambaa, naizungusha ndani ya alizeti, nafuta tena, na nyumbani naimalizia kwa sabuni ya mche. Tarpentaini naitumia kidogo sana, na iliyochafuka narudi nayo kwenye chupa. Usiimwage ziwani. Hatua chache kutoka ulipokaa kuna mtu anachota maji ya kupikia.

Hapa niungame. Kigoma ni nchi ya mawese, na mwaka wa kwanza nilifikiri mafuta ni mafuta, nikalainishia rangi kwa mawese. Picha ilipendeza. Baada ya miezi mitatu ilikuwa mbichi kama siku ya kwanza, na vumbi lote la mtaa limehamia humo. Mafuta ya kitani hushika oksijeni yakaganda. Mawese hayana tabia hiyo, yatabaki mafuta hadi ukate tamaa. Kuoshea brashi yanafaa, mradi sabuni ifuate. Kwenye picha hapana. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani navyo usivikunje ukavisahau kwenye kona, kwa sababu vinapoganda vinatoa joto na rundo lake linaweza kujiwasha lenyewe. Vitandaze vikauke, au vitie kwenye kopo lenye maji.

Kurudi ndiko akriliki inakoshinda bila ubishi. Unachora saa mbili, saa tatu unafunga kwenye gazeti, umemaliza. Picha ya mafuta inasafiri mbichi, na treni ya Reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, inachukua zaidi ya siku moja hadi Dar es Salaam, na abiria wote wana mizigo. Mwambie fundi seremala akutengenezee kisanduku chenye mifereji ndani, mbao nne za sentimita 20 kwa 25 ziingie zimesimama bila kugusana. Fundi wangu aliuliza kama nafuga nyuki.

Tazama mwezi kabla ya kuchagua

Hili hutalikuta kwenye maelekezo ya wachoraji wa Ulaya. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa taa za betri na sola. Taa inavuta dagaa gizani. Mbalamwezi ikitawala, taa haina nguvu, na maboti mengi hupumzika. Kwa mchoraji hiyo ni miezi miwili ndani ya mmoja.

Siku za giza, maboti yanaingia alfajiri, mwalo unajaa akina mama wa beseni, sauti, mafungu ya dagaa na migebuka, na jua likipanda kidogo kila kitu kimeshahama. Una saa moja na nusu, pengine pungufu. Siku za mbalamwezi chombo kimelala mchangani, nyavu zinashonwa, na boti uliyoichora jana leo iko pale pale na kesho itakuwepo. Mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane, maboti yalikaa miezi mitatu. Nilichora sana. Nilikuwa pia naona haya kidogo, kuketi na brashi mbele ya watu wasio na kazi.

Utategemea niseme akriliki kwa haraka ya siku za giza na mafuta kwa utulivu wa mbalamwezi. Mimi nafanya kinyume. Alfajiri ya pilikapilika nachukua mafuta, kwa sababu watu na vyombo vinasogea, na ninahitaji rangi ninayoweza kuifuta na kuisukuma hadi dakika ya mwisho. Boti iliyolala siku nne nyakati za mbalamwezi ndiyo ya akriliki: naijenga kwa safu, ubao kwa ubao, misumari, viraka, jina lake. Picha ya mafuta ya siku nne ina hatari ya kuwa nusu imeshika nusu haijashika, na safu yenye mafuta machache ikipakwa juu ya yenye mafuta mengi hupasuka baadaye.

Meli kubwa nazo ni za akriliki, kwa mistari yake iliyonyooka. Wengi huja na hamu ya Liemba, nami siwalaumu: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaingia majini Kigoma 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikainuliwa 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina hili. Lakini bandari ni eneo la ulinzi. Usikunjue stendi mbele ya geti ukategemea sura yako nzuri. Omba ruhusa kwanza. Mwaloni nako jitambulishe kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na kabla ya kuchora chombo cha mtu msalimie mwenyewe.

Kwa hiyo: una siku tatu tu na tiketi ya kurudi? Akriliki, pamoja na lile kontena la sponji. Unaleta watoto wa shule? Akriliki tena, maana rangi nyingine za tyubu za mafuta zina kadimi, metali yenye sumu, na watoto watakula mkate kabla ya kunawa. Unaishi Kigoma, Ujiji, au umepata mwezi mzima? Mafuta. Unapenda vyote, fanya ninavyofanya: usiku paka ubao akriliki nyembamba ya rangi ya udongo mwekundu wa vilima vya hapa, asubuhi umekauka, chora mafuta juu yake. Wekundu ule ukichungulia katikati ya bluu ya maji, ziwa linachangamka. Kinyume chake usijaribu. Akriliki juu ya mafuta haishiki, itabanduka.

Tyubu zangu ni tano: nyeupe ya titani iliyo kubwa kuliko zote, bluu ya altramarini, njano ya oka, nyekundu moja kali, na sienna iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu. Nyeusi naiacha nyumbani. Lile umbo la jioni linaloonekana jeusi juu ya maji ni altramarini na sienna, nusu kwa nusu, na upande uliotazama jua linapozama unaongeza nyekundu kidogo.